Bangili ya Manka

Siku hizi maoni ya marubani juu ya ndege mpya hayaulizwi kwa mdomo. Rubani huvalishwa bangili inayosoma moyo wake akiwa angani, na akitua, furaha yake huandikwa kwenye ubao wa klabu yao ya urubani, alama juu ya mia, kila mtu aone.

Kurumbiza, ndege ndogo mpya ya viti viwili, Kimaro aliiponda kabla zamu yake ya kuirusha haijafika: bawa fupi, kiti kigumu, usukani mwepesi kama wa kuchezea watoto. Kisha mkewe, Manka, akairusha. Alishuka anacheka peke yake, na ubaoni ikatokea tisini na saba. Miaka kumi na minne ya ndoa, Kimaro alikuwa hajawahi kumwona akicheka vile.

Mchana Manka alirudi nyumbani na bangili mkononi, maana jioni angeruka tena. Kimaro alimkumbatia pale pale mlangoni, akambana kweli kweli, huku jicho moja likichungulia alama kwenye kioo cha bangili.

Thelathini na moja.

"Chuma kile kina nini ambacho mimi sina?" akafoka.

Manka aliivua bangili taratibu, akamnyooshea mumewe.

"Haya, Baba Elisa. Vaa wewe, halafu unikumbatie tena."

Kimaro alificha mkono nyuma ya mgongo.

"Twende tukale, chakula kinapoa," alisema, na jikoni sufuria ilikuwa bado inatokota.