Kichwa Nusu

Upande mmoja wa kichwa cha bibi ulikuwa umekwisha kusukwa Viviane, msusi wake, alipomwomba amshikie uzi. Bibi alipoinua mkono, mkono wa sweta ukateleza hadi kwenye kiwiko.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimezungukwa na alama ya kamba, mbichi bado, misokoto yake imejichora kwenye ngozi.

“Aliangukaka,” akasema mwana wa bibi kutoka mlangoni, kabla hajaulizwa.

Jumamosi iliyopita alisema hivyo hivyo kuhusu jicho lililovimba, na Viviane akaamini, akamsuka bibi kwa ajili ya misa, akaenda zake. Leo alikirudisha kitana mfukoni.

“Simama, mama. Tunaenda kwa shefu wa katiye, mkubwa wa mtaa.”

“Na kichwa nusu vile?” Mwana akacheka kidogo. “Watu watasema nini?”

Kweli, hapa Shari hakuna mwanamke anayetoka na kichwa nusu, hata kwenda bombani.

“Watauliza,” Viviane akajibu. “Na mimi nitawaambia.”

Hata hivyo aliona haya kwa ajili ya bibi. Akafungua kitambaa chake mwenyewe, akataka kumfunika.

Bibi akakisukuma. Akasimama, nywele za upande mmoja zimelala kwa mistari, za upande mwingine zimesimama kama majani. Akakunja mkono wa kwanza wa sweta, polepole, kisha wa pili. Mkono huo nao ulikuwa na alama yake ya kamba.

“Tupite sokoni,” akasema.