Mche wa Mnazi

Siku hizo sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Mashine ya hospitali ilitabiri mwisho wa kila upasuaji, lakini aliyeambiwa ni mwenzi wa mgonjwa, na ndiye aliyeamua. Mgonjwa mwenyewe hakuruhusiwa kujua, na mwenzi aliyefichua alifungwa.

Shekiondo alikuwa na saratani kali ya tezi dume. Mkewe, Mwanahawa, aliingia peke yake chumba cha utabiri, akatoka macho makavu, akasema, "Mpasueni."

Tezi ikatolewa. Mpira wa mkojo ulipoondolewa, Shekiondo alirudi nyumbani Muheza akivaa nepi, jambo alilolionea haya. Lakini kilichomnyima raha hasa ni uso wa mkewe. Mkewe akicheka, alijiuliza anachekea nini. Akimwongezea mchuzi, aliliacha tonge sahanini, akamtazama.

"Mama Zubeda, niambie basi. Nani atasikia?"

"Kula, Baba Zubeda. Chakula kinapoa."

Asubuhi moja alijikongoja mpaka sokoni, akarudi na mche wa mnazi. Alijua fika kwamba mnazi hauzai ila baada ya miaka mingi. Akauweka miguuni mwa mkewe, akamkazia macho.

"Nichimbe wapi?"

Mwanahawa aliutazama ule mche, akayafuta majani yake vumbi taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

"Pale nyuma ya jiko," akasema. "Lakini kwanza tupande mpapai, mume wangu. Mpapai hauchelewi kuzaa."

Shekiondo alichukua jembe, akaenda kuchimba, na tangu siku ile hakuuliza tena.