Picha ya Ng'ambo ya Bonde

Wilbard alisimama mlangoni mwa duka la Abdulmajid, mjini Same, akaielekeza kamera ng'ambo ya barabara kuu. Akazungusha pete ya lenzi. Mama muuza ndizi aliyekuwa mbali akaja karibu, hadi kovu la kidevuni mwake likaonekana.

"Hiyo ni ya kuvuta," Abdulmajid alisema. "Imetoka Dubai. Karibu, mbali, yote humo humo. Lakini nisikudanganye, ndugu yangu. Ni nzito, na mwanga ukipungua itakuangusha. Kwa picha za sura, hii fupi inaishinda."

Wilbard akaijaribu ile fupi. Ilikuwa safi kweli. Ila siku hizi bidhaa za nje zilikuwa zimeruhusiwa kuingia, kila mwenye kamera alijiita mpiga picha, na mteja wa harusi hakuwa tayari kusubiri mtu abadilishe lenzi. Tena kulikuwa na ombi la mama yake.

"Nipe ya kuvuta," alisema. "Mama anataka picha ya kaka yangu."

"Kaka yako ana nini hata apigwe kwa mbali?"

"Tumenuniana."

Abdulmajid aliipokea kamera. Akaanza kuifuta lenzi kwa kitambaa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa shamba. Baba yao alipofariki kule kijijini Myamba, milimani, Zefania alipewa upande wa pili wa bonde, Wilbard akapewa upande wenye nyumba ya mama. Zefania akasema ameonewa. Akahamia ng'ambo na mkewe, Ikupa, akaapa kwamba hatakanyaga kwa mama maadamu Wilbard anaingia pale. Wilbard akamjibu kwamba hakuna atakayemfuata kumbembeleza.

Tangu hapo, kila alipopanda mlimani, mama yake, Eliakunda, alikuwa na habari ile ile.

"Kaka yako yuko shambani. Lile koti lake la bluu, unaliona?"

Wilbard alikuwa akitupa jicho mara moja na kugeuka. Koti lilikuwepo, dogo, katikati ya mahindi.

"Jana alikuwa kule kwenye maharage," mama alisema siku moja. "Nampungia mkono, hata hanijibu."

"Kiburi, mama."

Mama alitazama ng'ambo. "Wewe si mpiga picha? Tafuta kitu cha kumvuta huyu mtu karibu. Nataka umwone, mwanangu. Umwone vizuri."

Ndiyo sababu Jumamosi ile Wilbard alipanda lori la tangawizi lililokuwa likirudi tupu, begi la kamera mapajani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Picha ikitoka nzuri, ataisafisha kwa ukubwa, atavuka bonde na kuipeleka mwenyewe. Ataanza kwa kuomba radhi. Mengine yatajipa.

Alifika jua likiwa bado kali. Mama aliitikia shikamoo yake, lakini hakuuliza habari za mjini. Alikuwa ameketi nje, ameelekea bondeni.

"Umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho, mama."

Wilbard alipiga goti, akaegemeza kiwiko ukutani, akavuta lenzi mpaka mwisho. Mahindi yakasogea. Mgongo wa Ikupa ukaja, ameinama na jembe. Hatua chache nyuma yake likaja koti la bluu, na kofia juu yake. Wilbard alisubiri kaka yake ageuke.

Ikupa akajinyoosha, akafuta jasho. Akalisogelea lile koti, akalikumbatia, akaling'oa ardhini pamoja na mti uliolibeba. Akalihamishia kwenye mstari mwingine, akalisimika tena. Kisha akaanza kulifunga vifungo, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemvalisha mgonjwa.

Wilbard alibaki na jicho kwenye kamera. Hakubonyeza.

"Unamwona?" mama aliuliza.

"Namwona."

"Hali yake?"

"Mzima, mama." Alizungusha pete ya lenzi. "Hata amenenepa."

Mama alimshika bega.

"Na wewe usianze kunificha, kama Ikupa," alisema. "Kaka yako alikwenda kuchimba madini, shimo likamfukia kabla ya masika, wala hawakumpata. Mwenzake wa machimboni alipita hapa kunipa pole, akidhani nimeshaambiwa. Ikupa ananificha kwa lile koti, anaogopa nami nitakufa kwa uchungu."

Wilbard akageuka. Mama hakuwa akitazama bonde tena, alikuwa akimtazama yeye.

"Picha sikuihitaji, mwanangu. Nilitaka uone mwenyewe, maana kulitamka nilishindwa."