Sauti Aliyoitafuta Dancille

"Bado linakata," alisema Dancille, macho ameyafumba.

Gédéon akaondoa mkono kwenye nyuzi. Gitaa lake la umeme lilikuwa mapajani, waya ukienda hadi kwenye spika ndogo ya fundi. Hiyo ilikuwa sumaku ya pili ya kudaka sauti kujaribiwa tangu asubuhi.

"Linakata kweli," fundi Isak akadakia. "Mjomba, huko kanisani mnasali au mnanyolewa?"

Isak alizaliwa hapahapa Stockholm, Kiswahili alikipata kwa mama yake Mtanzania, na karakana yake ya magitaa ilikuwa chini ya ghorofa moja katika kitongoji cha Vällingby. Dancille alimpenda mara moja, maana Isak alimwamkia shikamoo hata yeye hajamaliza kukung'uta theluji kwenye viatu.

Kwaya ya Dancille na Gédéon, ya kanisa la kitongoji cha Rissne, ilikuwa imechoka. Gédéon akianza tu, watoto wanaziba masikio. Jumapili iliyopita Kamila mdogo alilia waziwazi katikati ya misa, "Det gör ont!", inauma. Viongozi wakakata shauri: gitaa lipozwe kabla ya Pasaka, la sivyo liwekwe chini. Na kwa kuwa Dancille, mjane kutoka Burundi aliyeishia darasa la sita, ndiye mwenye masikio makali kuliko wote, wakamtuma amsindikize. Hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ndiye aliyelalamika wa kwanza.

"Miaka yangu yote ya Sweden nimelipiga hivi," Gédéon alinung'unika. "Ukali wake ndio ninaoutaka."

"Najua, kaka," alisema Dancille.

Isak aliinama na bisibisi. "Hizi sumaku ndizo zinazodaka mtikisiko wa nyuzi. Zako zina koili moja ya waya, zinadaka mpaka mkwaruzo wa kucha. Nitaweka yenye koili mbili, halafu niishushe mbali kidogo na nyuzi. Ila nielekeze, mama. Unataka lilieje?"

Dancille alikuwa akizipitisha punje za rozari ndani ya mfuko wa koti.

"Livume. Kama mtu anayeimba amejifunika blanketi. Nililisikia gitaa la hivyo siku ya mwisho niliyokuwa na mume wangu, Vénant. Miaka ishirini na nane sasa. Namwomba Mungu nilisikie tena mara moja tu kabla hajanichukua."

Isak akaweka bisibisi chini. Gédéon naye akainamisha kichwa.

"Pole sana, dada," alisema.

"Mlijuana huko Burundi?" Isak aliuliza.

"Hapana," Gédéon alijibu upesi. "Mimi ni wa Uvira, upande wa Congo. Vita vyao nilivisikia redioni tu."

"Redioni," Dancille alirudia kwa upole.

Nyuzi zikalegezwa, sumaku ya tatu ikaingia, nyuzi zikakazwa upya. Gédéon akapiga mwanzo wa wimbo wa matoleo. Safari hii sauti ilitoka nene, ya mviringo. Isak akatabasamu, lakini Dancille akatikisa kichwa.

"Tumekaribia. Bado lina meno."

Ubishi ulikuwa umemtoka Gédéon. Sasa kazi yenyewe ilimnogea, kama inavyomnogea mpigaji yeyote. "Hilo la mumeo, dada, lilikuwa la mbao tupu, lisilo na umeme?"

"La mbao. La kuchongwa kwa mkono."

"Basi nimeshaelewa! Lilikuwa limeshindiliwa kitambaa chini ya nyuzi, pale mwishoni. Sisi tulikuwa tunaweka soksi. Soksi ya mtoto ndiyo inayoenea."

Kidole gumba cha Dancille kikasimama juu ya punje.

"Isak, mwanangu," alisema, "unaweza kumwekea kitu kama soksi?"

Isak akacheka, akakata kipande cha sponji, akakipenyeza chini ya nyuzi. Akaishusha sumaku kidogo tena, akazungusha kitufe cha sauti hadi nusu.

"Piga, kaka," alisema Dancille. "Piga chochote kinachokujia."

Gédéon alianza na ule wimbo wa matoleo. Sauti ilitoka chini, nzito, imefunikwa. Akashtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa mbali, akaendelea. Kufika mstari wa nne, vidole viliuacha wimbo wa kanisani, vikashika njia nyingine ambayo kwaya haikuwahi kuisikia: hatua mbili za besi, gumba likauburuza uzi mnene, kimya, kisha hatua mbili tena. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa akitabasamu.

Dancille akaanza kuifuata kwa sauti ya puani. Palipokuwa na kimya alinyamaza, na alinyamaza kabla ya Gédéon.

Vidole vya Gédéon vikaganda.

"Huu umeujulia wapi, dada?"

Isak alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mama," alisema, "mzee Vénant lazima alikuwa mpigaji hodari."

Dancille akaitoa rozari mfukoni, akaiweka juu ya meza ya fundi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamkazia Gédéon macho.

"Mume wangu hakujua hata kulishika gitaa, mwanangu. Yeye alikuwa amelazwa kifudifudi pale kwenye kizuizi cha barabara, mikono imefungwa nyuma, na huyu amekaa juu ya kreti la bia, anawapigia gitaa wenzake wenye mapanga ili wasichoke."