Zamu ya Mvua ya Bibi Naelijwa

Siku ya zamu yake ya mvua, Bibi Naelijwa hakukaa chini. Mvua siku hizo iligawiwa shamba kwa shamba, mara moja kwa msimu, na maji ya mtu hayakuruhusiwa kuvuka mpaka. Basi alikuwa ameshapalilia mahindi yote, amezibua mifereji, na mapipa ameyapanga mpaka mlangoni.

Wingu likaja, likasimama juu ya shamba lake, likamwaga.

"Bwana asifiwe!" Bibi akarukaruka kwenye matope kama msichana, kanga imemganda mwilini.

Ng'ambo ya ua wa minyaa, jirani yake Nakiete alisimama vumbini, maharage yake yamenyauka. Zamu yake ilikuwa bado sana.

"Bibi we, utavunjika kiuno!"

"Acha wivu, njoo uoge!"

Nakiete akacheka, akapenya kwenye minyaa, akalowa chepechepe. Aliporudi kwake akavua mtandio, akaukamulia shinani mwa mharage mmoja. Bibi Naelijwa akamwona. Akavua kanga yake ya juu, akanyoosha mikono juu ya ua, naye akakamua.

Hapo hapo mvua ikakatika. Wingu halikuondoka, lilibaki juu ya vichwa vyao, kimya.

"Bibi, acha," Nakiete akanong'ona. "Linatuona."

Bibi akayatazama mahindi yake ya bondeni, ambako maji yalikuwa hayajafika. Akaisokota tena ile kanga, kwa nguvu zake zote, na maji yakaendelea kudondoka upande wa Nakiete.