Kisahani cha Rangi

Daktari alimwambia Sikudhani kwamba damu ya mwanawe imeingia sumu ya rangi kuukuu ya nyumba waliyopanga. Sikudhani alirudi nyumbani, akabandua magamba ya rangi ukutani, akayajaza kwenye kisahani.

Mwenye nyumba, Mzee Lugendo, alipofika, alimkuta amesimama mlangoni na kisahani mkononi, akamweleza maneno ya daktari.

"Mimi nimekulia humu," alifoka. "Rangi hii haijaua mtu. Hutaki, hama!"

"Basi kula, mzee wangu." Sikudhani akamsogezea kisahani. "Mwanangu kala mwaka mzima."

Majirani wakatoka vibarazani. Hakuna aliyecheka. Mzee Lugendo alizitazama nyuso zao, akaokota gamba moja la kijani, akalipeleka kinywani. Mkono ukasita kwenye mdomo. Sikudhani hakukishusha kisahani.