Majani ya Nyumba ya Namsifu

Siku hizi hakuna mahakama inayovunja ndoa mpaka maabara ipime majani ya stevia, ule mmea mtamu kama sukari, yaliyooteshwa nyumbani kwa wanandoa. Yakiwa machungu, kila mtu anashika njia yake. Yakiwa matamu, mnarudi pamoja, na kesi haifunguliwi tena.

Namsifu alijua kwamba stevia ikishachanua, majani yake hupoteza utamu. Kwa hiyo, tangu mumewe Eliamini alipomvunja mkono, aliacha kabisa kuvikata vitumba vya maua. Ajabu, mmea haukutoa hata ua moja. Akajipa moyo kwamba ni jua tu, na kwamba uchungu wa nyumba ile hauwezi kukosa pa kukaa.

Sasa walikuwa wamekaa benchi moja maabarani, hawatazamani. Mpimaji, binti mwenye barakoa, aliyasaga majani, akayachuja, akayamimina maji yake kwenye mashine. Ilinguruma kidogo, kisha taa ya kijani ikawaka.

"Daraja la kwanza," alisema. "Hongereni. Mmea huu umetunzwa kwa mapenzi."

"Pima tena, mwanangu. Nakuomba."

"Mashine haikosei, mama."

Namsifu akamgeukia mumewe. Eliamini alikuwa akichokonoa ukucha wa kidole gumba, ambao ulikuwa umeingia rangi ya kijani mpaka kwenye nyama.

"Vitumba nilikuwa navikata mimi alfajiri, wewe umelala," alimnong'oneza, huku akiushika ule mkono uliovunjika. "Twende nyumbani, mama Nakiete. Leo chai napika mimi."